Farasi Anayesubiri Boti ya Mutsamudu

Saa mbili na nusu asubuhi jua linapanda ngazi ya tatu ya baraza moja karibu na gati la Moroni, na hapo ndipo Ambari Mroudjae anapoanza kazi. Kabla ya hapo hagusi kitu. Ameketi mkekani, kofia imemteleza nyuma kidogo, anasubiri mwanga kama wengine wanavyosubiri chai.

"Taa ni rafiki wa muuzaji," anasema. "Jua halina rafiki."

Mteja wake wa kwanza amevaa shati jeupe lenye kola iliyofuliwa mpaka ikachoka. Alikuwa karani hadi Aprili ya mwaka huu wa 1977, serikali ilipofunga ofisi na kuwarudisha makarani majumbani. Anafungua gazeti kuukuu na kutoa farasi mdogo wa rangi ya kahawia, urefu wa shibiri moja, mkia juu, pua imepanuka kwa hasira.

Ambari anampokea kwa mikono miwili. Anamlaza shavuni na kufumba macho. Anamgonga tumboni kwa ukucha na kusikiliza. Kisha anafanya jambo linalowachekesha wageni wote: anamgusisha ukwato kwenye meno yake ya mbele na kusugua taratibu.

"Plasta," anasema, akifuta midomo. "Shavuni hana baridi, ukimgonga haitiki, na jinoni anaacha unga. Rangi amepakwa vizuri, lakini uzuri wa mkakasi, bwana, ndani kipande cha mti. Faranga mia tatu. Ukimpata wa kukupa mia nne, mpe mkono upesi kabla hajaamka."

Karani anacheka, ingawa kicheko chake kinachelewa. Anatoa ada ya kupimiwa, na wakati anamfunga farasi wake jicho lake linapanda hadi rafu iliyo nyuma ya Ambari. Huko amesimama farasi mwingine, mweupe wa maziwa, mguu wa mbele wa kulia ameuinua. Shingoni ana mstari mwembamba kama uzi.

"Na yule?"

"Yule hauzwi. Anasubiri boti ya Mutsamudu."

Asilomwambia karani ni kwamba farasi mwenyewe yuko tayari kusafiri tangu jana. Anayesubiriwa ni binadamu. Dada yake Ambari, Djaouharia, yuko Moroni tangu Januari na amekataa katakata kuvuka kwenda kwenye nyumba ya mama yao huko Mutsamudu, kisiwani Anzuani. Ijumaa mpwa wao anaolewa ndani ya nyumba hiyo. Boti inaondoka Alhamisi, na leo ni Jumanne.

Ambari ana miaka hamsini na minne na hajapata kumwona farasi aliye hai. Hilo analisema mwenyewe, tena kwa raha, kabla hujamwuliza. Visiwa hivi si nchi ya farasi. Anaowajua yeye ni wa kauri, wa plasta, wa shaba, wa risasi, wa mbao, na mmoja wa chuma cha kusubu ambaye mwenyewe alikuwa akimtumia kuzuia mlango.

Alizaliwa ndani ya vichochoro vya mji wa kale wa Mutsamudu, na ujanani akapata upagazi bandarini. Kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi, wenzake walimwachia makasha ya vitu vinavyovunjika: vikombe, taa, saa za ukutani, na sanamu ndogo za kupambia nyumba ambazo wafanyabiashara waliziagiza kutoka ng'ambo. Farasi walikuwa wengi kuliko yote. Nyumba yoyote iliyojiheshimu ilitaka jozi ya farasi kwenye kidaka, kile kishubaka kilichochongwa ukutani sebuleni.

Kasha likifunguliwa na kitu kikakutwa kimevunjika, mwenyewe aligeuza uso na kusema kitupwe. Ambari hakutupa.

"Aliyevunjika ndiye aliyenisomesha," anasema. "Mzima anakuonyesha ngozi tu. Ukimkuta amepasuka tumbo, unauona udongo wake, unene wake, mahali nusu mbili za kalibu zilipounganishwa. Mimi farasi nimewasoma kutoka ndani."

Kiswahili alikiokota bandarini hapo hapo, kwa wafanyabiashara waliokuwa wakipita kutoka Unguja, na anakizungumza polepole, kama mtu anayeshusha kasha. Baadaye alioa Moroni. Huku nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia, kwa hiyo alibeba sanduku lake na mfuko wa vipande vya farasi akaingia kwa mkewe Charifa.

"Mimi ni mgeni wa mwaka wa thelathini," anatania. "Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Charifa anasema bado anasubiri kupona."

Kazi yenyewe haina siri, anadai, ila inataka subira na meno mazuri. Kauri halisi ina baridi inayokawia shavuni. Ukiigonga inaitika kwa sauti nyembamba. Chini ya tumbo au chini ya kitako chake mara nyingi kuna muhuri, lakini muhuri hughushiwa, hivyo yeye huutazama mwisho. Kwanza hutazama mshono wa kalibu. Farasi wa kiwanda chenye adabu mshono wake umesuguliwa mpaka umefutika. Wa kiwanda cha haraka unamtambaa mgongoni kama kovu la kidonda. Mwezi wa Ramadhani hatii kitu mdomoni, anatumia shavu peke yake, na anakiri kwamba mwezi huo bei zake huyumba kidogo.

Halafu kuna masikio. Masikio ndiyo huvunjika kwanza, na mafundi wa kubandika ni wengi. Sikio moja likibandikwa, farasi amepoteza theluthi ya bei yake. Yakienda yote mawili, Ambari hamwiti farasi tena.

"Huyo ni mbuzi," anasema, "na mbuzi bei yake kila mtu anaijua."

Kwa mwezi mzuri hupata kama faranga elfu nane. Mwezi mbaya, nusu yake na samaki. Si utajiri, lakini nyumba ya Charifa haijalala njaa, na mwaka huu kazi imeongezeka kwa sababu asiyoitegemea mtu. Baada ya uhuru, Julai 1975, maofisa wa Kifaransa waliondoka na kuacha mapambo yao kwa wapishi na majirani. Kisha ikaja serikali ya sasa, ikapiga marufuku harusi kubwa za mila na kuonyeshana dhahabu. Akina mama wakatafakari. Dhahabu imekatazwa, farasi hakuna aliyemtaja. Tangu hapo kila anayeoza binti anataka kujua kama farasi wa kidakani kwake ni mkongwe kuliko wa jirani, na wote wanakuja kwa Ambari na vifurushi chini ya mabuibui.

Siku moja vijana wa kamati ya mtaa walikuja barazani kukagua. Waliwaona farasi wanane wamepangwa juani, wawili kati yao wakimetameta, wakauliza kama ile ni dhahabu. Ambari alimchukua mmoja akamsugua jinoni, akawaonyesha ulimi wake uliojaa unga wa manjano. Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini, na kabla ya kuondoka wakaomba wapimiwe farasi wa bibi yao.

Tatizo la Djaouharia halikuanza kwenye siasa. Lilianza kwenye kidaka.

Nyumba ya mama yao Mutsamudu ina jozi ya farasi weupe walioagizwa na babu. Mmoja ameinua mguu wa kushoto, mwingine wa kulia, ili wakisimama pamoja wawe wametazamana. Farasi walipofika nyumbani, bibi wa akina Ambari, Chamsia, ambaye wajukuu walimwita Koko, alisita. Sebule ile ndiyo pia ya kuswalia, na sanamu yenye kichwa si ya kukaa mbele ya anayeswali. Nyumba kadhaa za mtaa ule zilikuwa na dawa yake: unachukua tupa, unamzungushia farasi mstari shingoni. Shingo ikishakatwa, hata kama kichwa bado kipo mahali pake, sanamu imekuwa jiwe na inaweza kukaa.

Koko alichukua tupa ya mumewe akawakata wote wawili. Lakini kila alipofika nyuma, chini ya singa za shingoni, mkono ulisimama. Aliacha upana wa punje ya mchele bila kuukata.

"Tulimwuliza kwa nini," Ambari anakumbuka. "Alisema, nimemwachia pumzi. Sasa jiwe linahitaji pumzi ya nini? Lakini Koko hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili."

Desturi nyingine ya nyumba hiyo inahusu mabinti. Binti wa Kikomori huolewa nyumbani kwao, haondoki. Ikitokea mmoja akachukuliwa ng'ambo, anapewa farasi mmoja wa jozi aende naye, na anayeondoka na farasi ameahidi kurudi naye. Kila harusi ya nyumba lazima jozi ikutane kidakani, juu ya mahali inaposomwa nikaha. Djaouharia, mdogo wao wa mwisho, aliolewa na mfanyabiashara wa Majunga, kule Bukini, yaani Madagaska, akaondoka na farasi wa mguu wa kulia. Alirudi naye mara mbili, kwa harusi mbili, akiwa amempakata safari nzima kama mtoto mwenye homa.

Mara ya tatu alirudi mikono mitupu. Desemba mwaka jana Wakomori wa Majunga walivamiwa, wengi wakauawa, na waliobaki wakaletwa nyumbani kwa ndege na kwa meli. Djaouharia alishuka Moroni na watoto wake wawili, nguo walizovaa, na shiromani ya mama yake, ile nguo nyekundu na nyeupe ya wanawake wa Anzuani, aliyokuwa amejifunga kiunoni. Mumewe alikuwa hai na amekwenda Mayotte kutafuta kazi. Farasi alibaki kwenye nyumba iliyochomwa.

Kaka yake alimpokea kwa machozi ya furaha. Charifa alihamisha magodoro. Mtu akimuuliza Ambari kama mzigo umezidi nyumbani, anajibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, na habari inaishia hapo. Lakini kila boti ya Mutsamudu ilipoondoka, Djaouharia alipata kazi ya kufanya jikoni. Ile shiromani aliikunja akaiweka chini ya mto.

"Nitaingiaje kwa dada Zouhoura?" alimwambia kaka yake. "Nilichukua cha watu, nikaahidi. Nisimame mlangoni niseme nini?"

"Sema uko hai," Ambari alimjibu.

"Hilo watu wote wanaliona. Kidaka ndicho hakitaona kitu."

Zouhoura ndiye dada yao mkubwa na mwenye nyumba. Binti yake Nadjati ndiye anayeolewa Ijumaa. Ambari, kama mjomba wa bibi harusi, hawezi kukosekana. Mjomba ndiye uti wa mgongo wa mambo haya. Na kwake yeye harusi yenye mjomba na isiyo na mama mdogo ni meza ya miguu mitatu. Kwa hiyo tangu Januari, kila kifurushi kilichofunguliwa barazani kwake alikitazama mara mbili.

Wiki tatu zilizopita alikuja Rahmati, mjane anayeishi Ikoni.

"Kwezi, mjomba," alisalimu, kama wadogo wanavyosalimu wakubwa huku.

"Mbona," Ambari alimwitikia, na kumkaribisha mkekani.

Rahmati naye alikuwa amerudi kutoka Majunga, alikozaliwa na kukulia. Alifungua leso, na ndani yake akatoka farasi mweupe wa maziwa, mguu wa kulia ameuinua.

"Moyo ulinipiga mpaka nikaona haya," Ambari anasema. "Mtu mzima, mbele ya mteja."

Alimlaza shavuni, baridi ilikawia. Alimgonga tumbo, liliitika. Alipogonga shingo, sauti ilikufa, kama ya mtu aliyejazwa wali mdomoni. Shingo ilikuwa laini na nyeupe mno, na ilikuwa na harufu ambayo si ya farasi.

"Shingo hii umeipaka nini, mwanangu?"

Rahmati aliinamisha macho. "Ilikuwa na ufa, mjomba, umezunguka wote. Nikajaza nta ya mshumaa, na juu yake nikapaka ile rangi nyeupe ya viatu vya raba. Nilisema mnunuzi asimwone ana kilema."

Hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya tupa na nyumba za Mutsamudu. Alichokiona kuwa kilema, akakiziba kwa bidii na usafi wote wa mwanamke anayejua kutunza nyumba, kilikuwa ndicho kitambulisho pekee cha farasi yule. Kalibu moja huzaa farasi mamia, na mfanyabiashara mmoja huweza kuwauza kwenye visiwa vyote vinne. Mstari wa shingo ndio unaosema huyu ni wa nyumba gani.

Alimpataje? Rahmati alieleza bila kuficha. Marehemu mumewe alimpata walipokuwa wamekimbilia kambini, watu wakibadilishana walichonacho kwa chakula. Mtu mmoja alimtoa farasi akapewa mchele. Jina la mtu huyo hakulijua.

Ambari ana kanuni moja katika kazi yake, na wateja wake wa siku nyingi wanaijua: farasi anayemtaka mwenyewe hampimi. Alimrudishia Rahmati farasi mikononi.

"Bei sitakwambia," alisema. "Nina hamu naye, na mwenye hamu ulimi wake una mafuta. Nenda kwa yule Mhindi wa vyombo pale juu ya soko, naye anajua. Mwambie kila kitu, na nta pia."

Rahmati alikwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Mhindi alisema faranga elfu nne akiwa na shingo safi, na nusu yake ufa ukionekana. Alikaa mkekani, akamwuliza Ambari hamu yake inatoka wapi. Ambari alimsimulia habari ya Djaouharia, na ile punje ya mchele ya Koko.

"Basi safisha," Rahmati alisema.

"Nikisafisha na akawa si yeye, utakuwa umepoteza nusu ya bei."

"Mjomba, nami nilikuwa kambini. Safisha nipate kulala."

Walikwenda wote nyumbani kwa Charifa. Maji yalichemshwa, yakaachwa yapoe hadi vuguvugu, na Ambari akaanza kutoa nta kwa pamba na ncha ya chelewa, kidogo kidogo, kama anayemtoa mtoto taka jichoni. Rangi ya raba ilitoka kwanza. Kisha nta. Mstari ukajitokeza mbele ya shingo, mwembamba, umenyooka. Djaouharia aliitwa kutoka jikoni. Alikuja akifuta mikono, akamwona farasi mezani, akashika mgongo wa kiti.

Ambari hakusafisha nyuma ya shingo. Alimwachia dada yake.

Djaouharia aliifuta nta ya mwisho mwenyewe. Akafumba macho, akapitisha ukucha wa kidole cha shahada ndani ya mstari, kutoka kooni, kando, mpaka chini ya singa. Charifa anasema nyumba nzima iliacha kupumua. Ukucha ulikwenda, ukapita nyuma, ukarudi mbele ulikoanzia. Haukukwama popote.

"Si yeye," Djaouharia alisema. "Koko alimwachia pumzi. Huyu hakuachiwa."

Alimweka farasi mezani kwa adabu, akamshukuru Rahmati, akarudi jikoni. Jioni alimwambia kaka yake kwamba wasafiri wao, yeye atawaombea dua kutoka Moroni. Siku chache baadaye akapanda kijijini Mvouni kumsaidia shoga yake aliyejifungua, na kila mtu alielewa kwamba amekwenda kukaa mbali na habari za harusi.

Ambari alimnunua farasi hata hivyo. Alimpa Rahmati elfu nne, bei ya shingo safi.

"Sikuweza kumtoza mtu faini kwa kusema kweli," anaeleza. "Charifa alininunia siku mbili. Siku ya tatu alimfuta farasi vumbi, nikajua yamekwisha."

Wiki iliyopita alimfunga farasi huyo kwa usufi, akamtia kikapuni, akavuka naye kwenda Mutsamudu. Hakuwa na mpango wa maana. Alitaka tu amwulize dada yake mkubwa kama kidaka kinaweza kumpokea mgeni. Kwenye bandari ya Mutsamudu wapagazi wa zamani walimpokea kwa kelele, wakamwuliza kama bado anawatafuna farasi, na mmoja akambebea kikapu juu ya kichwa huku Ambari akimfuata nyuma akimsihi asiruke ngazi.

Zouhoura ana miaka sitini na tatu na mguu mmoja unaomsumbua. Alimsikiliza mdogo wake hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Ambari anasema halijapata kutokea. Kisha akainuka, akamchukua farasi mgeni, akaelekea sebuleni. Kidakani alikuwa amesimama yule wa mguu wa kushoto, peke yake, akitazama ukuta. Zouhoura alimweka mgeni mbele yake. Wakatazamana.

"Wa kwao wamemkata kabisa," alisema, akipapasa shingo ya mgeni. "Wetu bado anahema. Watazoeana."

"Lakini si jozi, dada," Ambari alisema. "Huyu ni wa nyumba nyingine."

Zouhoura aligeuka akamtazama kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa na miaka sita.

"Nadjati anaolewa na nani Ijumaa? Na ndugu yake?"

"Hapana."

"Na wewe ulimwoa Charifa wa nyumba hii?"

"Hapana, dada."

"Basi Koko ndiye aliyekosea miaka yote. Aliwaweka ndugu wawili juu ya nikaha za watu, wametumbuliana macho. Harusi ni mtu wa nyumba hii na mtu wa nyumba nyingine. Leo ndiyo kwanza kidaka hiki kimepata jozi."

Nadjati, aliyekuwa mlangoni, aliangua kicheko, na Ambari anakiri kwamba yeye alilia. Alidhani mambo yamekwisha. Lakini Zouhoura alimtoa farasi mgeni kidakani, akamtia tena kikapuni, akamrudishia mdogo wake.

"Mrudishe Moroni," alisema. "Bwana harusi haingii kwa mkewe ndani ya kikapu cha mpagazi. Huyu ataingia humu mikononi mwa Djaouharia, kama alivyotoka yule. Mwambie hivi: mimi farasi sikumhesabu. Siku ile ya Januari niliposikia habari za Majunga kwenye redio, niliwahesabu watu, na nikaambiwa wangu wamefika. Tangu siku hiyo namngoja mtu, yeye anangoja sanamu. Nani kati yetu ndiye mjinga?"

Ndivyo farasi alivyorudi Moroni jana, akapandishwa kwenye rafu ya barazani mpaka Djaouharia ashuke kutoka Mvouni.

Anashuka leo. Saa tisa alasiri, Ambari anapofunga kazi na kuingia nyumbani kwa Charifa na kikapu, dada yake yuko uani ameketi kwenye mbuzi, anakuna nazi. Ni mwanamke mwembamba wa miaka arobaini, mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo, pale yanapokumbuka kucheka. Ambari anaketi kwenye kigoda. Anamtoa farasi, anamweka chini juani kati yao, na kumweleza yote, maneno ya Zouhoura moja baada ya jingine, kama anayeshusha vyombo vya mtu.

Djaouharia haachi kukuna. Nusu moja ya nazi inakwisha, anachukua ya pili, anaikuna nayo mpaka kinabaki kifuu kitupu. Kuku wa Charifa anamsogelea farasi, anamdonoa mguu ulioinuliwa, hapati kitu, anaondoka.

Huku tukisubiri, kwa kuwa mwandishi wa habari lazima aulize jambo, Ambari anaulizwa ana matumaini gani baada ya harusi. Anajibu kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwa dada yake. Kidaka kina nafasi ya watatu, anasema, kwa hiyo bado atakuwa akitazama shingo za farasi wanaotoka Bukini. Na mwenye huyu mgeni akijitokeza siku moja, wataketi wazungumze kama watu waliooleana. Zaidi ya hapo angependa kumwona farasi mzima anayetembea, hata mmoja, ahakikishe kama kweli mguu wa mbele unakunjika vile. Miaka yote hii amewaamini watu wa viwandani.

"Dada amesema hivyo?" Djaouharia anauliza ghafla. "Kwa kinywa chake? Kwamba sikungoja mtu, nilingoja sanamu?"

"Kwa kinywa chake. Akaniuliza nani mjinga."

"Ukamjibuje?"

"Nikasema nitakuja kukuuliza wewe."

Macho ya Djaouharia yanaanza kucheka, kisha yanajaa, kisha yanafanya yote mawili kwa pamoja. Anainuka, ananawa mikono, anaingia ndani. Anarudi na shiromani, ile nyekundu na nyeupe, imechorwa mistari na mikunjo ya miezi kumi chini ya mto. Anajifunika kichwani hadi magotini, hapo hapo uani, mbele ya wifi yake na kuku. Halafu anachutama, anamchukua farasi, na kunyoosha mkono kwa kaka yake.

"Nipe usufi. Boti inaondoka saa ngapi Alhamisi?"

"Baada ya sala ya alfajiri."

"Masikio kwanza, sivyo?"

"Masikio kwanza," anasema Ambari, na kumpa usufi.